Maswali yanaulizwa kila siku: kupanga muda ukianza biashara yako (Kisumu, Nakuru na huku magharibi)

Kazi yangu ni kuandikia watu hesabu, wengi ni wa maduka madogo, saluni, vibanda vya chakula na mtumba. Ungedhani wanauliza pesa kwanza, lakini swali hurudi kila wiki ni la muda, mtu anafungua alfajiri anafunga usiku na bado hajui siku imeenda wapi. Nimeyakusanya hapa. Kama swali lako linafanana na lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Kabla hujafungua

Niko na kazi ya mwezi. Naeza anza biashara kando ama lazima niache kazi?

Unaeza, na kwa wengi ndio njia salama, lakini chagua biashara ambayo saa zake za pesa hazigongani na saa zako za kazi. Hilo neno saa za pesa utaliona sana huku chini. Ni yale masaa kastoma ametoka nyumbani na pesa mkononi, si yale masaa wewe uko na nafasi. Mwalimu anayetoka shule saa kumi anaeza uza mboga ama chipsi jioni bila shida, juu watu wa mboga ni wa jioni. Huyo huyo mwalimu akifungua fotokopi karibu na ofisi za kaunti ameumia, kazi ya pale ni asubuhi mpaka saa nane na yeye yuko darasani.

Alafu hesabu masaa ya ukweli. Biashara ya masaa matatu jioni si masaa matatu, kuna kununua, kuosha, kupanga, kuhesabu, kutafuta boda ya kurudi nyumbani. Weka mengine mawili juu ya yale matatu ndio uamue kama utaeza kuamka kesho yake uende kazini.

Toka niamue mpaka nifungue mlango, ni muda gani?

Si karatasi hukawisha watu siku hizi. PIN ya KRA, wale wa ushuru, unatoa kwa mtandao siku hiyo hiyo, jina la biashara unasajili kupitia eCitizen, leseni ya kaunti unalipia ukishajua utakaa wapi. Kama ni chakula, wewe na kila mtu anagusa sufuria mnahitaji cheti cha afya, na hicho hurudiwa kila miezi sita, kwa hivyo andika tarehe ya kurudia siku ile ile unakipata.

Muda unaenda kwa mafundi na kwa nyumba. Fundi wa welding akikwambia Jumatano, elewa Jumatano ya wiki ingine, hana roho mbaya, ako na kazi za watu wengine watano na wote amewaambia Jumatano. Yule wa rafu hivyo hivyo, na stima pia. Shida ni kwamba kodi inaanza kuhesabiwa siku umepewa funguo, si siku umeuza soda ya kwanza. Ongea na mwenye nyumba kabla hujaweka saini, muombe wiki mbili za kutengeneza bila kodi. Wengine hukataa lakini wengi hukubali hasa kama chumba kimekaa bure, na ni maongezi ya dakika kumi.

Nianze mwezi gani?

Inategemea pesa ya kastoma wako hutoka wapi. Huku kwetu pesa haikai sawa mwaka mzima.

Desemba watu wa Nairobi na Mombasa wanarudi nyumbani, kila soko linajaa kutoka Luanda mpaka Mbale huko Vihiga, na mwenye saluni, nyama ama vitambaa hana nafasi ya kula. Alafu inakuja Njaanuari. Ukifungua duka la nguo za fasheni tarehe 5 Januari utakaa ukitazamana na ukuta, lakini mwenye kuuza yunifomu, viatu vyeusi na masanduku ya shule hiyo ndio wiki yake, na atapata ingine ndogo mwisho wa Aprili na mwisho wa Agosti shule zikifunguliwa. Upande wa Kericho, Nandi, Kisii na Nyamira, bonasi ya majani chai huingia kama Oktoba hivi, na mabati, godoro na pikipiki hutembea. Trans Nzoia na Bungoma wanavuna mahindi Oktoba mpaka Desemba. Na Bungoma iko na kitu yake, Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili ni tohara ya Wabukusu, kuku, unga, sukari na nguo zinanunuliwa sana. Mwenye kuku ambaye hajaweka vifaranga mapema mwaka huo amelala.

Ushauri wangu: fungua miezi miwili kabla ya msimu wako, si ndani yake. Hiyo miezi miwili ndio ya kujua bei, kujua nani hulipa na nani hukopa, kujua mlango unafungwa aje. Ukifungua katikati ya presha utajifunza hayo yote mbele ya watu kwa foleni.

Mpango wa biashara niandike kurasa ngapi?

Kama si wa kupeleka benki, moja. Lakini upande wa nyuma chora kalenda ya mwaka mzima, weka msimu wako, tarehe za kodi, tarehe za mkopo, shule za watoto kufungua, na miezi ya mvua. Nimeona mipango ya kurasa thelathini, imepigwa chapa vizuri na picha juu, na hakuna mahali imesema nani atakuwa dukani Jumamosi saa tisa.

## Siku ya kawaida

Nifungue saa ngapi na nifunge saa ngapi?

Usinakili jirani. Tafuta saa zako za pesa mwenyewe, na ni rahisi juu simu imekuandikia. Kama unatumia tili ama Pochi la Biashara ya M-Pesa, toa taarifa ya wiki mbili uangalie malipo yaliingia saa ngapi (kumbuka 07:15 ya simu ni saa moja na robo asubuhi). Pesa taslimu chora vijiti kwa kitabu, mstari mmoja kwa kila saa, kijiti kwa kila kastoma. Baada ya wiki mbili utaona vijiti vimerundikana mahali.

Chai na mandazi ni saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, baadaye unauzia nzi. Mboga, nyanya, samaki ya kukaanga ni saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku watu wakishuka matatu Kondele ama Nyamasaria hapa Kisumu. Kinyozi ni Ijumaa jioni na Jumamosi, katikati ya wiki ni stori tu na redio. Sasa kama umejua hivyo, kwa nini mama wa chai anakaa mpaka saa kumi na moja jioni amechoka, alafu asubuhi anachelewa kuwasha moto saa ile pesa inapita barabarani? Afadhali ufunge saa nane ukalale uamke mapema.

Kitu kimoja tu: ukishaamua saa, zishike. Mtu akija mara mbili akapata umefunga hatakuja ya tatu, hata hatakwambia, utamwona tu anapita upande ule mwingine.

Orodha yangu ya kazi haiishi. Nipange siku aje?

Gawa kazi kwa aina mbili. Kuna kazi za mlango wazi, yaani kuuza, kuhudumia, kupokea simu ya oda. Na kuna za mlango umefungwa, hesabu, kununua stoki, kwenda kaunti, kupiga picha za bidhaa, kupanga rafu. Za pili haziingii ndani ya saa za pesa, hata moja. Ukiona mtu anaosha sakafu saa moja usiku duka limejaa watu, ama amekimbia benki Jumamosi saa tano, hapo ndio muda unapotea. Hakuwa mvivu, amefanya kazi sawa kwa saa isiyo yake.

Asubuhi andika vitu vitatu peke yake. Si kumi. Kimoja cha kuleta pesa leo, kimoja cha kuzuia shida ya kesho (stoki inaisha, deni linafika), na kimoja cha biashara ya mwezi ujao. Hicho cha tatu ndio watu huruka kila siku, na ndio unakuta mtu mwaka wa tatu bado ako pale pale.

Kuna wenye huniuliza juu ya ile mbinu ya dakika 25 kazi, dakika 5 kupumzika. Kwa mtu anakaa kwa meza peke yake anaandika, ni nzuri. Kwa kibanda haifanyi kazi, kastoma hawezi ngoja saa yako ilie. Itumie usiku kwa hesabu kama unaipenda.

Kununua stoki inanimalizia siku nzima. Nifanye nini?

Hii ndio mwizi mkubwa wa muda kwa biashara ndogo na watu hawaioni juu wanahisi wako kazini.

Kwanza punguza safari. Mtu anaenda soko kila siku kununua vitu vya elfu moja, nauli ya kwenda na kurudi, masaa matatu, kibanda kimefungwa. Andika ni bidhaa gani haziozi, sabuni, unga, sukari, mafuta, hizo nunua mara moja kwa wiki ama wiki mbili, uache safari za kila siku kwa nyanya na sukuma peke yake. Pili, nenda na siku ya soko. Soko la Kibuye, Kisumu, siku yake kubwa ni Jumapili, vitu ni vingi na unachagua, kwa hivyo mwenye mtumba ama vyombo apange wiki yake ianzie hapo. Nakuru, wale wa soko la Wakulima wanajua lazima uwe pale alfajiri, lori za viazi na kabeji kutoka Molo na Njoro zikiwa zinashusha, ukifika saa tatu unanunua kwa yule alinunua alfajiri.

Tatu, shirikianeni. Majirani wawili ama watatu wanaouza kitu kimoja wanaeza peana zamu, wiki hii wewe unaenda, wiki ijayo mimi. Watu huogopa juu ya ushindani na kujua bei, lakini bei jirani anajua tayari.

Kwa wale wa beli za mtumba kutoka Gikomba, safari ya usiku Kisumu mpaka Nairobi, kuchagua mchana, kurudi usiku, hiyo ni siku moja na usiku mbili na mwili umekwisha. Kabla ya kupanda gari hesabu ungeuza ngapi siku hiyo dukani, ongeza nauli na chakula, ndio ulinganishe na bei ya kuagiza kwa mtu unayemuamini akutumie kwa basi. Mara nyingine safari inashinda juu unachagua mwenyewe. Lakini si kila mara, na wengi hawajawahi kufanya hiyo hesabu hata siku moja.

Simu na WhatsApp zinanikula. Lakini oda pia zinaingia huko.

Tenganisha namba. Ya biashara kwa simu moja, ya nyumbani kwa ingine, hata kama ni kabambe. Weka ujumbe wa kujibu wenyewe kwenye WhatsApp ya biashara, uonyeshe bei, mahali uko na saa za kufungua, utashangaa maswali mangapi yanaisha hapo. Statasi weka mara moja asubuhi na mara moja jioni, zikiwa umeziandaa jana usiku. Magrupu ya kijiji, ya chama na ya shule nyamazisha mpaka ufunge.

Hesabu nifanye saa ngapi? Usiku nimechoka.

Kabla hujatoka dukani, si ukifika nyumbani. Ukifika nyumbani kuna mtoto anataka kalamu na kuna mtu anataka pesa ya unga, na hapo ndio pesa ya stoki inageuka kuwa ya unga bila mtu kuiba. Dakika kumi na tano zinatosha: pesa taslimu, pesa ya tili, madeni uliyopeana, vitu vimeisha. Basi. Ile hesabu kubwa ya faida fanya mara moja kwa wiki, siku yako ambayo imelala. Kwa wengi ni Jumatatu ama Jumanne saa nane mchana.

## Watu

Watu wa nyumbani wanaona sina kazi. Kila saa ni "wewe si uko tu kwa duka".

Hii nasikia zaidi kwa akina mama, na kwa vijana wamemaliza shule wakaanza bizna badala ya kutafuta kazi. Ukiwa ofisini hakuna mtu atakutuma kupeleka mzee hospitali Jumanne saa nne, lakini ukiwa na saluni wewe ndio wa kutumwa.

Kupigana haisaidii. Waambie saa ambazo unapatikana, na uziheshimu hizo pia. "Mama, kutoka saa nane mpaka saa tisa na nusu niko, nipigie, naeza kuja." Mzazi akishajua kuna saa yake hatakusumbua sana zile zingine. Na kama kweli lazima uende, funga kwa karatasi mlangoni, "narudi saa kumi", na urudi saa kumi.

Watoto wadogo ni maneno ingine. Mama anayenyonyesha kibandani asipangiwe siku kama mwanamume asiye na mtoto mgongoni, hapo saa za pesa zitafutiwe msaidizi wa kushika mtoto hata kama ni masaa mawili tu jioni, kuliko kutafuta msaidizi wa kuuza siku nzima.

Matanga nayo? Kila Ijumaa na Jumamosi kuna mazishi.

Mtu ambaye hajaishi huku atakwambia "usiende". Huyo hajui anaongea nini. Usipozika watu, siku yako watu watakuwa na shughuli, na pia nusu ya kastoma wako wako kwa hiyo matanga.

Lakini amua mapema, kabla msiba haujatokea, juu siku ya msiba huwezi fikiria sawa. Watu wa damu ya karibu, baba, mama, ndugu, wakwe: unafunga, hakuna hesabu hapo, na uwe na akiba ya kukaa wiki bila kuuza. Ukoo wa mbali na majirani: unaenda siku ya kuzika peke yake, unatuma mchango wako mapema na simu ya pole kabla ya hiyo. Mtu wa mbali kabisa: mchango na pole. Zile mikutano za jioni za kamati, zinazoenda wiki nzima na zaidi, ndio hukula muda, na bahati mbaya zinaangukia saa za mboga na chipsi. Sema wazi, "mchango wangu mimi natuma, mikutano sitaweza, Jumamosi nitakuwa." Hakuna mtu amewahi kukasirika kwa hiyo kama pesa imefika.

Kwa kinyozi na saluni hii inauma zaidi juu Jumamosi ndio siku yenu. Hapo hakuna ujanja, lazima kuwe na mtu wa pili anayejua kazi. Angalia swali la kuajiri.

Chama ziko tatu na kila moja iko na mkutano.

Punguza. Chama inayokusaidia ni ile inakupa pesa kwa tarehe unayoweza kupangia stoki. Omba zamu yako ianguke mwezi kabla ya msimu wako. Zingine mbili ni chai.

Niajiri mtu lini?

Si wakati umechoka. Ni wakati unapoteza kastoma ndani ya saa za pesa, unaona kabisa mtu ameangalia foleni akaondoka. Kama uchovu wako ni wa saa ambazo hakuna watu, dawa ni kufunga mapema, si kulipa mshahara.

Anza na mtu wa masaa machache, Ijumaa jioni na Jumamosi. Na weka muda wa kumfundisha, mwezi wa kwanza atakupunguzia kasi badala ya kuongeza. Ukiajiri rasmi, makato ya mshahara, NSSF (ya uzeeni) na SHA (ya matibabu) ziko na tarehe zake, angalia sehemu inayofuata.

Siku ya kupumzika ni lazima? Majirani hawafungi.

Chukua. Kisii na sehemu nyingi za Nyanza Wasabato hufunga Jumamosi, siku ambayo wengine wanaita ya pesa, na biashara zao ziko miaka na miaka, juu kastoma amejua na ananunua Ijumaa. Kama huwezi siku nzima chukua nusu, lakini iwe ile ile kila wiki.

## Tarehe na madeni

Tarehe gani za serikali nisikose?

Ziandike kwa ukuta:

Tarehe 9 kila mwezi, kama umeajiri, makato ya wafanyakazi ya mwezi uliopita yawe yameenda. Tarehe 20 kila mwezi, kama uko kwa kodi ya mauzo, ile ya biashara inayouza zaidi ya milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka, unatuma ritani (ile fomu ya kodi ya KRA) na kulipa asilimia 3 ya mauzo, hiyo asilimia iko hivyo tangu Julai 2023. Tarehe 30 Juni, kila mtu mwenye PIN anatuma ritani ya mwaka uliopita, hata kama hukupata kitu unatuma ya sufuri.

Usingoje siku ya mwisho. Juni 30 mtandao umejaa nchi nzima, na pale saiba unapanga foleni masaa manne duka limefungwa, kazi ambayo ungefanya Machi kwa dakika ishirini na chai mkononi.

Leseni ya kaunti, uliza siku unalipa kama inaisha Desemba ama inahesabiwa miezi kumi na mbili toka siku hiyo. Ukiambiwa, andika. Kanjo hawatakukumbusha, watakuja tu, na watakuja saa za pesa.

Mkopo wa simu unasaidia ama unasumbua?

Linganisha siku za mkopo na siku za stoki kuisha. Hustler Fund, ile ilianzishwa Novemba 2022, mkopo wake wa kibinafsi unarudishwa ndani ya siku 14. Ukinunua nyanya na samaki, pesa inarudi kwa siku mbili tatu, siku 14 ni nyingi. Ukinunua beli ya majaketi mwezi wa joto, siku 14 zitafika na majaketi yananing'inia. Shida hapo si riba, ni kalenda. Mikopo ya kulipa kila siku nayo inataka biashara inayouza kila siku, ikiwemo ile Jumamosi ya matanga.

## Visa vya pembeni

Mvua inaharibu mpango wangu wote.

Kisumu mvua hupenda kuja mchana kuelekea jioni, wingu linapanda na saa kumi imemwagika. Miezi ya Machi mpaka Mei kwa hivyo kama unauza nje, sogeza mauzo asubuhi uwezavyo, turubai iwe karibu, na usinunue vya kuoza kwa kiwango cha Januari. Siku imenyesha kabisa, hiyo ndio nafasi ya kazi za mlango umefungwa, fanya hesabu.

Stima ikipotea ni vile vile. Mwenye kinyozi, juisi ama fotokopi awe na orodha ndogo ya kazi zisizotaka stima imebandikwa ukutani, ndio asikae tu kwa mlango akiuliza majirani kama kwao iko.

Nauza omena. Mpango wa wiki haushiki kabisa.

Hautashika, juu omena haifuati wiki, inafuata mwezi. Wavuvi huvua usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki na mashua zinapumzika. Panga kwa usiku za giza: hizo siku uko ufuo wa Dunga, Kisumu, ama ufuo wako alfajiri, unanunua na kuanika, zile za mwangaza unafanya usambazaji, madeni na safari. Na kuna kufungwa kwa uvuvi wa omena Aprili mpaka Julai, kwa hivyo ile miezi minne iwe na biashara ya pili ama stoki kavu imehifadhiwa vizuri kabla ya hapo, juu ni miezi ya mvua pia na kuanika inasumbua.

Na kuku?

Hesabu kinyumenyume kutoka siku ya kuuza. Broila ni kama wiki sita, kwa hivyo wa kuuza wiki ya Krismasi waingie mapema Novemba, na oda ya vifaranga iwekwe kabla ya hapo juu kila mtu anawataka wakati huo huo. Wa mayai utawalisha karibu miezi mitano kabla ya yai la kwanza. Watu wengi hufunga banda mwezi wa nne wa kulisha, pesa ya chakula imeisha, kuku wamebakisha wiki chache tu waanze.

Niko Nairobi, biashara iko Kakamega na ndugu yangu ndiye anauza. Nisimamie aje?

Kwa tarehe na picha. Picha ya kitabu kila usiku kabla ya saa tatu, malipo yote kwa tili ambayo taarifa unaiona wewe, na simu moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile, ya kuongea biashara peke yake. Usipige simu kumi kwa siku, unamtoa kwa kastoma na anaanza kukuchukia. Mlipe mshahara wa kujulikana, hata mdogo. Ndugu asiyelipwa hujilipa, na sio kwamba ni mwizi, ni vile mtoto wake pia anaenda shule. Na nenda mwenyewe bila kusema, ukikaa siku nzima ndani ya saa za pesa, kabla ya msimu na baada ya msimu.

Nitajifungua mwezi wa tisa na duka ni langu peke yangu. Nifunge ama niwachie mtu?

Kama uko na miezi mitatu mbele, tafuta mtu sasa na umlete saa za pesa peke yake, ajue bei, ajue madeni, kastoma wamzoee sura. Wiki mbili kabla, wewe ndio uwe msaidizi na yeye muuzaji, ndio uone makosa ukiwa bado umesimama. Punguza bidhaa, achia zile ishirini zinazotembea, zile za kuuliza uliza zitoe kwa rafu. Oda za stoki zibaki kwako kwa simu, na pesa ya stoki isipite kwa mkono wake.

Kama hujapata mtu, funga kwa tangazo. Andika tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, ongea na mwenye nyumba kuhusu kodi mapema, kusanya madeni mwezi wa nane, na usiweke tarehe ya kurudi ambayo ni ya kujipendekeza. Ukisema wiki nane weka nane, ukipona kabla ya hapo utafungua tu mapema na hakuna mtu atalalamika.